Wanamieleka tupeane uzoefu: mbinu gani imekukubali, na uliifanyiaje mazoezi?

Habari zenu wakuu. Nazungumzia mieleka ya mkekani, yenye refa na pointi, siyo ile ya kupigana viti kwenye runinga.

Naanza na yangu: kuzoa miguu miwili, yaani kumkumbatia mpinzani miguu yote na kumwangusha. Kazi yote iko kwenye magoti. Kwa muda mrefu kocha alinikataza kumshika mtu yeyote, nikawa nashuka peke yangu: magoti yakunjike, mgongo usimame, kichwa juu, halafu hatua moja ndefu katikati ya miguu ya mpinzani, goti liguse mkeka na kuinuka papo hapo. Ukiinamia kiuno badala ya kukunja magoti, unamkabidhi shingo akupige kabali.

---

Sawa mkuu, ila nani atakuachia miguu bure? Mimi naanzia juu. Namvuta shingo, na yeye kwa kawaida atajivuta kurudi nyuma. Uzito ukishahamia kwenye visigino, nazama. Saori Yoshida wa Japani alichukua dhahabu za Olimpiki 2004, 2008 na 2012, na kila mpinzani alijua anakuja kuzoa miguu. Kujua hakukuwasaidia.

---

Mimi ni mzuiaji. Mtu akiingia kuzoa miguu yangu naitupa nyuma, nyonga zinamlalia mgongoni. Nyonga, siyo kifua! Ukimlalia kwa kifua anaendelea kukusukuma mpaka ukae. Na usibaki umelala hapo, zunguka upate mgongo wake, hizo ni pointi 2. Tulifanya hivi: mwenzangu aingie polepole, kisha kwa nusu ya nguvu, mwisho kwelikweli. Wanaokamiana kuanzia siku ya kwanza wanachoka tu, hawajifunzi kitu.

---

Sisi wa Greko-Roman tunawasoma tu hapa 😂 Kwetu kushika chini ya kiuno ni marufuku, na ngwala pia. Kwa hiyo ni kugombea makwapa mwanzo mwisho: anayepenyeza mkono ndani ndiye anayeongoza. Kurusha mtu kwa nyuma nilijifunzia kwenye mdoli mzito, na kabla ya mdoli ilikuwa daraja kila siku: lala chali, inua nyonga, mgongo upinde, miguu ibebe uzito. Usirushe binadamu kama shingo yako haijazoea hilo.

---

Dada yenu hapa, mwepesi kuliko wote mazoezini. Miguu miwili ya mtu mzito siizoi ng'o. Nachukua mmoja, naubana kifuani, kichwa nakikandamiza ubavuni kwake kwa ndani, halafu sivuti. Nazunguka. Mtu mkubwa anayeruka kwa mguu mmoja huku anageuzwa hana jeuri, anadondoka mwenyewe. Kinachonisumbua ni kumlaza mabega yote mawili mkekani ili nishinde papo hapo. Hapo bado natafuta dawa.

---

Dada, akianguka usiuachie ule mguu ili umkimbilie kifuani. Panda nao, utamkuta kiunoni hajajipanga.

---

Swali nje ya mada: sikio limevimba tangu jana, linauma. Nifanyeje?

---

Wahi hospitali leo, damu ivutwe. Ikikaa inaganda na sikio linabaki na vinundu. Ukirudi mazoezini vaa kinga. Na jamani, kateni kucha.