Acheni kusugua sanamu za shaba kwa stilwaya!

Wakuu, imetosha. Aprili 2015 sanamu ya Gandhi pale Gandhi Square, Johannesburg, ilimwagiwa rangi nyeupe. Tangu hapo, sanamu yoyote ikichafuliwa, ushauri unaomiminika ni ule ule: tina ya kuyeyushia rangi, stilwaya, asidi ya chooni, mashine ya presha ya kuoshea magari. Ubishi kuhusu maneno ya dharau ya Gandhi juu ya Waafrika ni wa haki na una mahali pake. Mimi hapa naitetea shaba.

Sanamu ile ya mwaka 2003, Gandhi akiwa wakili kijana mwenye joho, ni shaba nyeusi, yaani shaba iliyochanganywa na bati. Weusi wake si uchafu! Ni ngozi nyembamba inayotiwa kwa moto na kemikali, na msasa unaimaliza kwa dakika chache. Stilwaya huacha chembe za chuma, zikashika kutu na kuchuruzika madoa. Asidi ya chooni ndiyo balaa kuliko zote, maana ina kloridi, kemikali iliyomo pia kwenye chumvi. Ikishaingia kwenye vitundu vya shaba ikapata unyevu na hewa, utaona unga wa kijani mpauko. Ukiufuta unarudi, kwa sababu kloridi haiishi. Inazunguka na kuzidi kuchimba. Amonia nayo hula shaba. Presha husukuma maji ndani ya maungio.

Rangi ya maji ikiwa mbichi, tumia kitambaa cha pamba na maji mengi, ukidonoa bila kusugua. Ikikauka, paka jeli ya kuondolea rangi isiyo na asidi wala amonia, baada ya kuijaribu mahali palipojificha. Ikilainika, kwangua kwa plastiki au kijiti, kamwe si kisu. Suuza sana mikunjo ya joho, ndimo jeli inamobaki.

Na kazi yote hii ingekuwa nyepesi kukiwa na nta! Gandhi Square ni kituo cha mabasi. Moshi wa dizeli hutua juu ya shaba, na salfa yake ikikutana na mvua huwa asidi. Basi Septemba, kabla mvua hazijaanza, sanamu ioshwe, ikauke kabisa, ipashwe kwa moto wa gesi unaohamahama mpaka nta iyeyuke inapoigusa. Tabaka mbili nyembamba za nta ya mikrokristalini (nta laini itokanayo na petroli), ikipoa ing'arishwe kwa kitambaa. Rangi ikimwagwa juu yake, hung'oka pamoja na nta. Kila mwaka, bila kuruka. Bajeti ya sanamu isiyo na fungu la nta irudishwe ilikotoka.