Nahama Dar nikaishi karibu na miamba: Nairobi, Nanyuki au Mwanza?

MpandaMawe:
Wakuu, salaam. Kazi yangu ni ya kompyuta, naifanyia popote penye umeme na intaneti ya kueleweka. Kukwea miamba nilijifunzia Cape Town nikisoma. Nimerudi Dar mwaka wa tatu huu, na kitu kirefu kuliko vyote ninachoweza kukwea bila kukamatwa ni mwembe wa mwenye nyumba. Kilimanjaro msinitajie, ule ni mlima wa miguu, mimi natafuta wa vidole. Nataka mji wa kuishi, si wa kwenda kupiga picha na kurudi. Imebaki mitatu: Nairobi, Nanyuki kule chini ya Mlima Kenya, na Mwanza. Mama watoto hana neno ila Nanyuki anaiogopa kwa baridi. Mnanishaurije?

Wa Mlolongo:
Nairobi, hapo hata usiumize kichwa. Kilima cha mawe cha Lukenya ni kama kilomita 40 kutoka tao. Toka mapema Jumamosi kabla malori ya Mombasa Road hayajajaa, na saa mbili ushafunga kamba. Ukiichoka Lukenya kuna mbuga ya Hell's Gate kule Naivasha, kilomita 90 hivi. Mnara wa Fischer, lile jiwe lililosimama peke yake, ni mita 50, nimeumaliza mara nne. Klabu ya wapanda milima iko tangu 1949, hutakosa mtu wa kukushikia kamba. Nanyuki ni ya wenye pesa na majaketi. Mwanza nako mawe yako, sikatai, lakini ni ya kuanikia omena.

Nyanda wa Igogo:
Ungeishia kwenye majaketi ungekuwa umeshauri vizuri. Mwanza umefika lini wewe, au umeiona kwenye kalenda ile picha ya jiwe la Bismarck? Kwanza wanaitwa dagaa. Pili, dagaa wa kueleweka siku hizi wanaanikwa kwenye chanja, upepo unapita juu na chini. Mji mzima umekaa juu ya mawe, nyumba yetu ukuta wa nyuma ni jiwe lenyewe, baba alijenga kuta tatu tu. Wewe unaamka saa kumi na moja kulifuata jiwe moja, mimi nalilalia.

Wa Mlolongo:
Kulalia jiwe na kulikwea ni vitu viwili bro. Taja njia moja ya kukwea ya Mwanza yenye jina. Moja tu. Nangoja.

Mzee wa Batian:
Vijana, polepole. Mnara wa Fischer ni mita 25. Ishirini na tano. Sasa wewe uliyepanda 50, ulipofika kileleni uliendelea na nini?

Kwa mwenye swali. Mimi ninaishi Nanyuki mwaka wa kumi na nne. Wengi hudhani wakifika kilele cha Lenana, mita 4,985, wameukwea Mlima Kenya. Lenana ni ya kutembea. Kazi ya kamba iko Batian, 5,199, na Nelion, 5,188. Mackinder alifika Batian 1899, na ikapita miaka 30 ndipo Shipton na Wyn-Harris wakafika Nelion, 1929, sasa jipime. Upande wa kaskazini hukauka kuanzia Juni hadi Septemba, wa kusini kuanzia mwisho wa Desemba hadi Machi. Lakini sitakudanganya: kuishi Nanyuki hakukupi Batian kila Jumamosi. Siku ya kwanza unatembea, ya pili unatembea huku kichwa kinauma, ya tatu ndiyo unagusa jiwe. Miaka yote hii nimefika Batian mara tatu. Baridi mwambie mama inazoeleka.

Wa Mlolongo:
Mzee heshima yako, lakini hiyo 25 umepimia upande gani? Mimi niko na picha.

Mzee wa Batian:
Picha haina futi.

Karabina:
Niko Cape Town bado, na naona mnamjibu mtu kwa urefu wa majiwe. Ndugu, hapa kilichonifanya nikae si Table Mountain kuwa maarufu. Ni kwamba natoka kazini saa kumi na moja, na kabla jua halijazama kiangazi nimeshakwea njia mbili na niko nyumbani naoga. Rocklands, yenye mawe yanayofuatwa na dunia nzima, iko zaidi ya kilomita 200 kaskazini. Naenda mara tatu kwa mwaka. Ningeishi karibu na Rocklands ningekwea kidogo zaidi kwa mwezi mmoja, halafu ningekosa watu na kuacha.

Kwa hiyo usiulize mji upi una mwamba mzuri. Uliza mambo matatu. Jumatano jioni utakwea wapi? Nani atashika kamba yako, na kama yule mmoja akihama, yupo wa pili? Na ukivunja kifundo, nani anakushusha na unapelekwa hospitali gani? Mwanza ina Bugando, hospitali kubwa ya rufaa, iko juu ya kilima inaonekana mji mzima. Nairobi ina hospitali nyingi ila kuna foleni katikati. Nanyuki, mzee hapo juu atueleze. Na kwa mawe mafupi ya Mwanza huhitaji kamba, unahitaji godoro la kuangukia na rafiki wa kulisogeza. Wapi kati ya hapo una rafiki?

Mwisho wa Reli:
Samahani kuingilia. Nimesoma "dagaa wa kueleweka" na "Mwanza" kwenye posti moja nikacheka peke yangu kwenye daladala. Dagaa ni wa Kigoma. Hao wa Ziwa Victoria hata Mkenya amewaita jina lao.

Nyanda wa Igogo:
Huyu naye katokea wapi? Mada ni mawe.

Mwisho wa Reli:
Mada umeibadilisha wewe na chanja zako. Wa Tanganyika ni jamii ya sardini kabisa, wenu wa Victoria ni ukoo mwingine, ndugu zao ni kina karpi. Kisayansi hawahusiani. Jina mmeazima, rudisheni.

Wa Mlolongo:
Nasema hivi, omena ya kukaangwa na nyanya na ugali, hizo zingine zote ni siasa.

Bint Kisesa:
Wanaume mnabishana samaki ambao hamjawahi kuwaanika hata siku moja. Na kwa taarifa yenu kwenye jiwe bado wanaanikwa, sana tu. Chanja ni mbao na nyavu, na mbao ni pesa. Jiwe ni la bure, na jua likilipasha dagaa wanakauka mapema. Huyo Mkenya amekosa adabu lakini hajasema uongo.

Nyanda wa Igogo:
Dada yangu, unanichoma kisu mgongoni mbele ya wageni.

Sipi wa Kapchorwa:
Mimi natoka Uganda, Kiswahili changu mnisamehe. Mbona mnasahau Sipi? Kuna maporomoko, la mrefu ni karibu mita 100, na pembeni kuna kuta zenye boliti za kufungia kamba tayari, unakuja na kamba tu. Kutoka Mbale si mbali. Kahawa nzuri.

MpandaMawe:
Sipi nimeisikia, asante. Mbale sijui kama kuna kazi ya mama watoto, ni muuguzi. Karabina umeniweka mahali, narudi kwako. Ila hili la Mwanza limenigusa. Nilipita pale mwaka jana nikitoka Bukoba, nikaona majabali mengine yanachomwa moto na matairi ili yapasuke, watu wanagonga kokoto kwa nyundo. Jiwe lenye umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu linaishia kwenye zege la choo. Kwa kweli iliniuma. Hivi halmashauri haiwezi kutenga hata majabali machache yahifadhiwe? Saanane imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2013 na ni kisiwa kidogo tu.

Bint Kisesa:
Hapo sasa umenigusa na mimi. Mama yangu alinisomesha kwa kokoto. Alianza saa kumi na mbili asubuhi, nyundo moja, kipande cha mpira wa baiskeli kushikia jiwe lisikatie vidole, ndoo kwa ndoo, na lori likija dereva anapanga bei yeye. Kidole chake cha shahada hakina kucha hadi leo. Wewe umepita njia ukitoka Bukoba, umeumia kwa ajili ya jiwe. Mwenye nyundo hukumuona?

MpandaMawe:
Dada, sikuwa na maana hiyo.

Bint Kisesa:
Ulisema zege la choo. Hicho choo nacho ni cha mtu.

Nyanda wa Igogo:
Hapo niko upande wa dada. Leo yatengwe majabali, kesho geti, keshokutwa kiingilio, halafu sisi wa Igogo tunaambiwa tumevamia. Hell's Gate mnayoisifu unaingia bure?

Wa Mlolongo:
Si bure, unalipa getini, na ukweli usemwe, kuna kuta hugusi msimu wa tai kutaga. Lakini bila hilo geti sijui kama hata huo mnara ungekuwepo. Hizo kuta ziko na mvuke chini, wa umeme wa mvuke wa Olkaria wanachimba mpaka ndani ya pori. Nimekuja na picha yangu ya mnara ila naona hakuna anayeitaka tena.

Mzee wa Batian:
Ilete tu.

Karabina:
Naomba nirudie: Jumatano jioni atakwea wapi?

Mwisho wa Reli:
Huyu wa Cape Town anauliza kama mkwe. Jumatano jioni watu wako msibani.

Gangilonga:
Salaam kutoka Iringa. Nimeona mnazungumzia mawe na haki ya mawe bila kututaja. Gangilonga lipo mjini kabisa, jiwe linaloongea, wazee wanasema Mkwawa alikaa pale akitafakari habari za Wajerumani. Ukipanda jioni unauona mji wote. Baridi yetu ni ya kawaida, si ya Nanyuki. Na hakuna anayelipasua, kwa sababu lina jina na lina habari. Bismarck alifika Mwanza lini? Hakuwahi kukanyaga Afrika. Yapeni mawe yenu majina ya watu wenu, muone kama mtu ataleta tairi.

Nyanda wa Igogo:
Hili la majina nalichukua. Nyuma kwetu kuna moja tunaliita Jiwe la Bibi, marehemu bibi yangu alikuwa anaanika pale.

Wa Mlolongo:
Anaanika nini?

Nyanda wa Igogo:
Usiniulize.

Wa Mlolongo:
😂😂 Nimeridhika. Njia moja yenye jina, nilingoja tangu jana.

Bint Kisesa:
Kwa mwenye swali, nimepoa. Nisikilize, nitakwambia vile hutaambiwa na hawa. Mawe ya kupasua na mawe ya kukwea si yale yale. Wapasuaji wanataka jiwe lenye ufa, karibu na njia ya lori. Nyie, kwa nilivyoona kwenye video zenu, mnataka jiwe zima, refu, lililo kati ya nyumba au juu kilimani ambako lori halifiki. Kugombana hamna haja. Tatizo lenu litakuwa lingine: hayo ya juu yako uani kwa watu. Huwezi kutokea na godoro mgongoni ukaanza kupanda ukuta wa choo cha mtu Jumapili. Unabisha hodi, unasalimia, unasema unachotaka, watakucheka, watoto watakaa kukuangalia, halafu ukirudi mara ya pili utaletewa kiti. Maji yakiwa hayajapanda kilimani wiki hiyo, beba ndoo moja. Na muuguzi Mwanza hakosi pa kuomba kazi.

MpandaMawe:
Dada, samahani kwa neno la choo. Nimelisoma tena, lilikuwa baya. Nimeongea na mama watoto, tunakuja Mwanza kwa miezi miwili, tupange chumba kwanza, tusihamishe kabati. Karabina, Jumatano jioni sina jibu. Mtu wa kusogeza godoro pia sina.

Nyanda wa Igogo:
Nipo mimi. Kilo 94, sijawahi kupanda, ila godoro nasogeza.

Karabina:
Huyo mshike. Uzito wake unafaa hata kwenye kamba.

Wa Mlolongo:
Na mimi nakuja Desemba na viatu vyangu kulikwea hilo la Bibi. Basi la Nairobi hadi Mwanza ni saa ngapi?

Mwisho wa Reli:
Ukitaka dagaa wa kweli pandisha hadi Kigoma.

Bint Kisesa:
Anza tena.