Kamuuliza Mnepali! Yule dada wa usaili wa kozi ya Kikorea hapa Seoul kanidhalilisha leo

Mgosi wa Mjini:

Wakuu salaam. Mimi hapa nasoma masters kwa Kiingereza, leo nilienda usaili wa kozi ya Kikorea. Nimetoka huko sasa hivi, nipo ndani ya treni ya laini namba 2, naandika huku mikono inatetemeka. Mnaoishi Seoul mnamjua ninayemsema. Yule dada wa dawati la usaili, mwenye kahawa ya barafu mkononi hata theluji ikimfika magotini. Jina silitaji na chuo sikitaji. Mnamjua.

KAMUULIZA MNEPALI!

Nimeingia nimeinama sawasawa. Nimesalimia kwa Kikorea cha heshima kabisa, kile cha -mnida mwishoni, kile unachomwongelesha bosi na baba mkwe. Kauliza jina, nimejibu. Kauliza natoka wapi, nimejibu Tanzania, nikaongeza bila kuombwa kwamba mlima Kilimanjaro uko kwetu. Kauliza huwa naamka saa ngapi. Hapo ndipo wageni wengi huzama, maana Kikorea kina hesabu mbili, saa unazitaja kwa hana, dul, set na dakika unazitaja kwa il, i, sam. Nimezitoa zote mbili safi, saa kwa hesabu yake na dakika kwa hesabu yake, sikujikwaa popote.

Dada kaninyamazia. Kanywa kahawa. Halafu kamgeukia kijana aliyekuwa kiti cha pembeni anasubiri zamu yake, Mnepali wa watu, kamuuliza kwa Kikorea: "Huyu anaelewa?"

Huyu! Nilikuwa katikati ya sentensi! Mdomo ulikuwa bado wazi, kitenzi hakijatoka, na Kikorea kitenzi kinakuja mwisho! Hakunisubiri hata nifike kwenye kitenzi!

Nikamtolea cheti changu cha TOPIK, ule mtihani wa Kikorea kwa wageni, daraja la pili. Kakishika kwa ncha za vidole, kasema kimeisha muda. Sawa, TOPIK inadumu miaka miwili, hilo najua na silipingi. Lakini karatasi ikiisha muda na ulimi nao unaisha muda? Kaniandikia daraja la kwanza la kozi. Wiki 10, saa 4 kwa siku, Jumatatu mpaka Ijumaa, saa 200 nzima, kwa won milioni 1.7 na ushee, nikae naimba ga, na, da, ra. Mfalme Sejong wa Korea alizitangaza hizi herufi mwaka 1446 ili mtu wa kawaida asiyejua herufi za Kichina aweze kujisomea upesi. Leo mtu ananiuzia mimi kwa bei ya bodaboda, wakati nazisoma kwenye kila bango la mji huu. Na ada ya maombi hairudishwi, nimeuliza. Hilo alinijibu mimi mwenyewe, hakumjibu Mnepali.

Sijaja kuomba ushauri. Nimekuja kusema. Kamuuliza Mnepali, na mimi nimekaa pale pale, goti langu linagusa meza yake.

Chumvi ya Pwani:

Pole sana mkuu. Mnepali alijibuje?

Mgosi wa Mjini:

Alitabasamu. Angejibu nini kijana wa watu? Kaingia nchini juzi tu, herufi za Hangul, hizi za Kikorea, bado anazifuata kwa kidole. Yeye hana kosa, tulitoka wote nikampa mkono. Kosa ni la aliyemuuliza.

Dodoma hadi Daejeon:

Nimesoma mpaka chini sijaona kosa. Cheti kimeisha, umepangwa chini, ndiyo taratibu. Na TOPIK I uliyofanya wewe, ile ya daraja la kwanza na la pili, ni kusikiliza na kusoma tu, kuandika kunaanzia TOPIK II. Hawa wanapanga darasa kwa kuandika. Insha yako iliendaje?

Mgosi wa Mjini:

Insha gani? Karatasi ya kuandikia sikupewa! KAPEWA MNEPALI!

Chumvi ya Pwani:

Hahahaaa, hii chai imewekwa tangawizi, mdalasini na iliki. Nipo siti ya mbele.

Mama Yuna:

Msimwite mwongo. Huyo dada namjua mpaka viatu. Mimi nilienda na mume wangu, ni Mkorea, basi maswali yote akaulizwa yeye. Jina langu akaulizwa yeye. Umri wangu akaulizwa yeye, na akaukosea, dada akauandika hivyo hivyo. Nilikuwa nimekaa katikati yao!

Nikakimbilia kituo kimoja cha familia za wake wa kigeni, huko ni bure. Jamani. Nusu ya kozi tulikuwa tunakata kabichi. Najua kuchanganya pilipili, chumvi na samaki wachanga wa kuchachusha, lakini fundi wa bomba akija kunidanganya nyumbani sina maneno ya kumjibu. Mama mkwe ndiye anayefurahia hiyo kozi.

Mlimani Kwetu:

Mgosi, achana na vyuo vya bei ya bodaboda. Kuna KIIP, kozi ya lugha na maisha ya Korea kwa wageni, ya Wizara ya Sheria, hatua 0 mpaka 5. Hatua ya kwanza mpaka ya nne ni saa 100 kila moja. Ungekuwa na TOPIK daraja la pili iliyo hai ungeingia moja kwa moja hatua ya tatu. Kwa kuwa imekufa, unafanya mtihani wa awali, wa karatasi na wa mdomo, wanakupanga walipokuona. Na kwa wewe unayesoma masters kwa Kiingereza, ukimaliza kampuni nyingi zitataka Kikorea tu. KIIP inakupa pointi kwenye viza ya F-2, ile ya kukaa muda mrefu, na ukifika mbali inasaidia ukaazi wa kudumu na hata uraia.

Dodoma hadi Daejeon:

Nakazia. Wanaosomea kuongea tu wanajuta wakifika kwenye viza.

Kaka wa Ansan:

KIIP KIIP KIIP. Semeni na hili: siku ya kujiandikisha nafasi za jioni na za wikendi zinaisha kabla hujamaliza kupiga chafya. Mimi nafanya kazi mchana, darasa lililobaki huwa la saa tatu asubuhi Jumanne. Nani kiwandani anaachiwa aende darasani saa tatu asubuhi Jumanne? Nimewapigia simu, wakaniambia nijaribu muhula ujao. Muhula ujao nao hivyo hivyo. Huu uzi ulitakiwa uwe wangu.

Mgosi wa Mjini:

Kaka wa Ansan pole, lakini wewe angalau walikujibu kwenye simu. Mimi niko mbele ya mtu, ananitazama machoni, anamuuliza Mnepali.

Tikiti Maji:

Mtu akitaka kuongea aende chuo cha Sogang. Mtu akitaka sarufi na kuandika aende chuo cha Yonsei, wao wanafundisha wageni tangu 1959. Mjadala umefungwa.

Kisamvu:

Haujafungwa. Mwenzangu tuliyepanga chumba kimoja alitoka kwenye kozi ya sarufi, anaandika insha kuhusu uchafuzi wa mazingira, ukimtuma akanunue mayai anarudi na tofu.

Tikiti Maji:

Na nyie wa kuongea mnaongea sana, barua pepe moja kwa profesa mnaomba mtu awaandikie. Na mnamwandikia profesa bila neno la heshima.

Kisamvu:

Profesa wangu hajawahi kulalamika.

Tikiti Maji:

Hajawahi kukujibu pia.

Bahari ya Busan:

Nyie mnaobishana kozi ipi mna raha. Sisi wa GKS, ufadhili wa serikali ya Korea, hatuchagui, unapangiwa. Mwaka mmoja wa lugha, ufike TOPIK daraja la tatu ndipo uende kwenye shahada uliyoijia. Mimi nikapangiwa Busan. Darasani wananifundisha Kikorea cha Seoul, kila neno limenyooka. Nikishuka sokoni Jagalchi kununua samaki, yule mama anaongea lahaja ya huku, ya Gyeongsang, kwa kupaza sauti, nadhani ananigombeza, kumbe ananiongezea samaki wa bure. Nilimaliza miezi namkwepa. Mwalimu nilipomwambia akasema hiyo haitoki kwenye mtihani. Haitoki kwenye mtihani! Na mimi nakula wapi, kwenye mtihani?

Mama Yuna:

Bahari umenikumbusha, mama mkwe wangu ni wa Daegu, lahaja hiyo hiyo ya Gyeongsang. Nilidhani hanipendi miaka yote hii.

Chumvi ya Pwani:

Anakupenda?

Mama Yuna:

Hapana, hanipendi. Lakini sauti ni ya huko huko.

Msee wa Githurai:

Mko na bahati mko huko tayari. Huku Nairobi kuna jamaa alituuzia kozi, akasema ukimaliza unaenda Korea kufanya kazi kiwandani kwa ule mpango wa serikali ya Korea wa kuchukua wafanyakazi wa kigeni, EPS. Tukalipa, tukasoma, tukapigwa picha za pasipoti. Kumbe nchi zilizo kwenye ule mpango ni za Asia tupu, hakuna hata moja ya Afrika. Jamaa kazima simu. Mnamjua, anaendesha gari jekundu. Hasira yenu ya kuulizwa maswali ni ndogo sana.

Mgosi wa Mjini:

Msee, sijaulizwa maswali. KAULIZWA MNEPALI.

Kaka wa Ansan:

Mgosi, na huyo Mnepali kawekwa daraja gani?

Mgosi wa Mjini:

La pili.

Chumvi ya Pwani:

Nimelala chini jamani. Nimelala chini kabisa.

Dodoma hadi Daejeon:

Basi aliandika vizuri. Nilisema.

Mgosi wa Mjini:

Aliandika jina lake! Karatasi nzima jina lake! Nimeiona kwa macho yangu! Kesho narudi pale, nitaomba mkuu wa kozi, na mazungumzo yote nitayafanya kwa -mnida mwanzo mpaka mwisho, atake asitake, na huyo dada awepo asikie.

Kisamvu:

Nenda mkuu. Samahani natoka nje ya mada kidogo: kwa kuwa watu wa Seoul mmejaa hapa, sembe siku hizi mnapata wapi? Yule mwenye duka wa siku zote kapandisha bei halafu anapima kwa jicho.

Kaka wa Ansan:

Yule? Mimi aliniuzia unga wa mihogo akaniapia ni mahindi. Nilisonga kitu kikavutika kama mpira, watoto wakakichezea.

Tikiti Maji:

Nendeni Itaewon kule juu karibu na msikiti, maduka yamepangana. Ukikosa sembe unapata semolina, inasongeka.

Bahari ya Busan:

Semolina si ugali. Usitupotoshe.

Mgosi wa Mjini:

Jamani, uzi ulikuwa unahusu usaili.

Mama Yuna:

Tikiti, mahindi meupe au ya njano?

Tikiti Maji:

Meupe yapo, ila wahi Jumamosi asubuhi, wenzetu wa Nigeria na Ghana nao wanafuata unga pale pale. Na usichukue ule wa mfuko wa kijani, una mchanga.