Iron Maiden tena baada ya 1988: uwanjani, ukumbini, au kwenye tamasha la bendi nyingi?

MzeeWaKaseti

Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri. Niliwaona Iron Maiden, bendi ya roki nzito ya Uingereza, kwa mara ya kwanza na ya mwisho mwaka 1988, nikiwa kijana aliyebanwa safu ya tatu kutoka jukwaani, na siku mbili baadaye masikio yangu yalikuwa bado yanavuma. Sasa bendi inaadhimisha miaka 50 kwa ziara yenye nyimbo za albamu zake tisa za mwanzo, za 1980 hadi 1992, ambazo ndizo hasa nilizokua nazo. Nitaweza kwenda mara moja tu, na njia ziko tatu: uwanja wa mpira, nikisimama mbele, ukumbi wa ndani, nikiketi pembeni, au tamasha la siku tatu ambako wao watafunga siku ya pili. Moyo unataka uwanjani, lakini magoti yamekwisha kutoa hukumu yao. Mngechagua ipi?

GitaaTatu

Mzee wangu, kabla ya kuchagua mahali, jiulize unakwenda kusikiliza nini, kwa sababu bendi utakayoikuta siyo ile uliyoiacha. Mwaka 1988 magitaa yalikuwa mawili, la Dave Murray na la Adrian Smith. Tangu 1999, Smith aliporudi pamoja na mwimbaji Bruce Dickinson, na Janick Gers aliyekuwa ameshika nafasi ya Smith akabaki, yamekuwa matatu. Magitaa matatu katika uwanja wa wazi, upepo ukivuma, huchanganyika yakawa uji, na usipowaangalia vidole hutajua nani anapiga nini. Ukumbini, sauti ikipangwa vizuri, kila mmoja anasikika upande wake. Mimi ningekwenda ukumbini bila kusita. Tamasha la bendi nyingi ningeliondoa kabisa kwenye orodha, kwani huko muda wa kila bendi hupimwa kwa saa, na wewe hukungoja miaka yote hii ili ukatiwe nyimbo.

MpigaDramsMstaafu

Naongeza jambo ambalo kwangu ni zito kuliko magitaa. Nicko McBrain, aliyekuwa nyuma ya drams tangu 1982, alipata kiharusi Januari 2023, akajifunza upya kutumia mkono wake, akarudi jukwaani mwaka huohuo, kisha akaaga ziara kwa onyesho la São Paulo tarehe 7 Desemba 2024. Nafasi yake imechukuliwa na Simon Dawson, ambaye tayari alikuwa akipiga na Steve Harris, mpiga besi na mwanzilishi wa Iron Maiden, katika bendi yake nyingine ya British Lion. McBrain alipiga pekupeku, karibu daima kwa pedali moja ya dramu kubwa, na mguu ule mmoja ulikuwa na mwendo wake usiofanana na wa mtu mwingine. Dawson ni fundi, sina neno juu yake, ila ukiketi karibu utaisikia tofauti katika nyimbo za kasi. Nasema haya ili usije ukaduwaa katikati ya onyesho.

Nyuma_ya_Mitambo

Nimefanya kazi ya sauti kwa muda mrefu, basi niruhusuni niingie kwa upande huo. Sauti husafiri mita kama 340 kwa sekunde. Ukisimama mita 100 kutoka jukwaani, utaona kwenye skrini kijiti kikigonga drams, na mlio utakufikia karibu theluthi moja ya sekunde baadaye. Spika za katikati ya uwanja hazitibu jambo hilo, kwa kuwa zenyewe hucheleweshwa makusudi ili zilingane na zile za jukwaani. Baada ya nyimbo mbili macho na masikio huanza kugombana. Ukumbi nao una ubaya wake: kwenye viti vya pembeni mara nyingi unasikia upande mmoja wa spika na mwangwi wa ukuta. Kwa hiyo GitaaTatu amepatia mahali lakini hajagusa kiti. Kaa nyuma kidogo ya meza ya mitambo ya sauti, kwa sababu anayechanganya sauti huipanga kulingana na anachosikia pale alipo.

Na vaa vizibo vya masikio, tafadhali. Kwa kipimo cha NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, desibeli 85 huvumilika kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu. Kwenye desibeli 100, ambazo ni za kawaida katika maonyesho ya roki, unabaki na dakika 15.

Dada_wa_Mbele

Naona mnamshauri kama anayekwenda kununua redio. Sauti safi anayo nyumbani. Asichokuwa nacho ni watu elfu hamsini wanaoimba gitaa, namaanisha gitaa lenyewe na siyo maneno, na hilo halitokei ukumbini kwa ukubwa uleule. Mzee, nenda uwanjani, ila usisimame mbele. Wenye umri wako wanalikumbuka tamasha la Donington, Uingereza, la Agosti 1988, siku ambayo Iron Maiden ndio waliofunga, na vijana wawili wakafa katika msongamano wakati bendi ya Guns N' Roses ikiwa jukwaani. Kata kiti cha jukwaa la watazamaji linalotazamana na bendi.

Zaidi ya yote, usiahirishe. Black Sabbath, bendi nyingine kongwe ya roki nzito, walicheza onyesho lao la mwisho Villa Park, Birmingham, tarehe 5 Julai 2025, Ozzy Osbourne akiimba ameketi, na tarehe 22 mwezi huohuo akafariki. Dickinson mwenyewe aliwahi kutibiwa saratani ya ulimi mwaka 2015.

MzeeWaKaseti

Nawashukuru nyote. Dada_wa_Mbele amenigusa, na kwa nusu saa nzima nilikuwa nimeurudia uwanja. Hata hivyo, habari ya McBrain ndiyo iliyoamua: kama mguu ule haupo tena, nataka niwe karibu kiasi cha kumsikia vizuri aliyeurithi, badala ya kumlaumu kutoka mbali. Nimekata tiketi ya ukumbini, safu ya nne nyuma ya meza ya mitambo. MpigaDramsMstaafu, nikirudi nitakuandikia kuhusu zile nyimbo za kasi.