Naomba ushauri: niache kwenda kazini kwa baiskeli?

Habari zenu ndugu zangu, na wakubwa shikamooni.

Naenda kazini kwa baiskeli kwa miaka sasa na naipenda kweli, lakini nimeanza kusita. Barabara ninayopita imejaa malori, haina njia ya baiskeli, na magari yananipita karibu mno. Hivi karibuni mlango wa gari lililoegeshwa ulifunguliwa ghafla mbele yangu, nikaponea chupuchupu. Tangu hapo naendesha moyo ukinidunda.

La pili, na ndilo linaloniumiza kichwa zaidi, ni kifua. Nina pumu. Ukikanyaga pedali unapumua kwa kasi na kwa kina, kwa hiyo unavuta moshi mwingi zaidi. Jioni nakohoa, kifua kinabana. Barakoa ya kitambaa haizuii vizuri zile chembe laini mno za moshi (PM2.5), ya N95, ile ya kuchuja hewa, inazuia nyingi, ila nikipanda mlima pumzi inakata. Nimejaribu kutoka alfajiri kabla ya foleni: kifua kilipata nafuu, lakini gizani madereva hawanioni vizuri hata nikiwa na taa na fulana ya kuakisi mwanga.

Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mimi zangu zote ziko kwenye baiskeli hii.

Wenye pumu mlioanza kupita na baiskeli mitaa ya ndani, mbali na malori, kifua kilitulia? Na mlioacha kabisa, mlishika mazoezi gani mkaweza kuyaendeleza?