Ukoo wa Ngamiani: video ya King Majuto

Zuu: 📹 Video
Zuu: Asalaam alaykum wanafamilia. Leo 8 Agosti, siku aliyotutoka mchekeshaji wetu King Majuto. Nimewawekea ile yake na mchekeshaji mwenzie Sharo Milionea

Kaka Salehe: 😂😂😂 hapo anapomkodolea macho tu, hata hajasema kitu

Shangazi Riziki: Waalaykum salaam. Zuu mwanangu, marehemu huombewa dua, hachekwi.

Zuu: Shikamoo shangazi. Dua nimesoma asubuhi. Lakini mzee yule kazi yake si ndiyo hii jamani

Mjomba Hatibu: Allah amrehemu. 2018, Nane Nane kama leo. Tumekaa barazani usiku, simu zikaanza kulia kila upande, kafia Muhimbili. Miaka 70.

Mjomba Hatibu: Kiruku nilikwenda kuzika. Umati ule sijauona tena. Mbele yangu jamaa kashika koleo analia kwa kwikwi, mwenzie akamwigizia mzee anavyolalamika akidaiwa. Wakacheka wote wawili, kisha wakaendelea kulia. Sikuona ajabu.

Da Mwana: Mimi msiba ulioniua ni wa Sharo. Novemba 2012, Jumatatu usiku, anatoka Dar anakuja kwao Muheza. Gari ikapinduka Songa Kibaoni, kwao keshafika kabisa

Kaka Salehe: Na waliowahi pale wakamwibia. Simu, pesa, mpaka nguo. Magazeti yaliandika

Da Mwana: Usinikumbushe. Kijana wa miaka 27! Mzee keshapita 60, ndiye akabaki. Kila nikimwona Majuto yuko peke yake kwenye picha nasubiri yule mwingine aingie na miwani yake na "ooh mamaa"

Ujumbe huu umefutwa

Zuu: Kaka Salehe umefuta nini 😂

Kaka Salehe: Stika. Si mahali pake

Binamu Mombasa: Nanyi mna bahati, mmezika wenu karibu. Sisi huku Kenya mchekeshaji wetu Mzee Ojwang alipokufa 2015 tulimlilia kwenye TV. Kipindi chake cha Vitimbi kikianza, baba alikuwa hataki mtu apite mbele ya kioo. Mama Kayai akianza kumfokea mumewe, mama yetu naye anamgeukia baba

Mjomba Hatibu: Hata hapa tulikuwa tunaidaka KBC, TV ya Kenya, antena tumeifunga juu ya mnazi. Upepo ukivuma Ojwang anakuwa wawili.

Kaka Salehe: Kinachonikera mimi ni mikataba. Sura ya Majuto imeuza bidhaa nchi nzima, hadi anaugua ndipo watu wanaanza kuulizana kalipwa nini. Mpaka waziri wa wakati ule, Mwakyembe, akaunda kamati ya kuipitia. Mtu yuko kitandani!

Zuu: Na mchekeshaji mwingine, Mzee Small, vilevile. Kiharusi kikamlaza muda mrefu, 2014 akaondoka. Wakiwa wazima tunanunua CD feki, wakilala tunapitisha bakuli

Mjomba Hatibu: Wewe Zuu CD zako zote zilikuwa feki.

Zuu: Mjomba mbele za watu 🙈

Da Mwana: Mwanangu wa darasa la pili hana habari hata ya msiba. Kaitazama hiyo video, ananiuliza huyu babu anakaa wapi, twende tukamsalimie. Nimemjibu hapahapa Tanga. Sasa anadai nimtajie siku

Bibi: 🎤 Ujumbe wa sauti

Zuu: Kwa wasio na bando: bibi anasema alipofariki babu, mtani alivaa kanzu ya marehemu akawa anatembea kama yeye, mkono mgongoni, anawadai waliohani deni la tumbaku. Kisha akakalia jeneza, hatoki mpaka apewe chake. Watu wakachanga ndio likainuliwa. Na anasema aliyecheka mpaka khanga ikamdondoka ni shangazi Riziki 😂😂

Shangazi Riziki: Mama jamani!!

Kaka Salehe: 😂😂😂😂

Mjomba Hatibu: Nilikuwepo. Ni kweli.

Shangazi Riziki: Mtani ana ruhusa yake. Haya, kwa kuwa mmeshanivua nguo, nisikilizeni. Mwaka aliokufa wifi yangu nilipanda basi asubuhi kwenda Dar kwenye msiba. Nimejifunika, leso mdomoni. Kondakta akaweka Majuto. Nikajikaza mpaka Segera. Pale mzee akafumaniwa, akataka kutokea dirishani, kitambi kikakwama. Nilicheka mpaka mama wa kiti cha pembeni akanishika bega, akadhani nazidiwa na kilio. Akanipa pole na chungwa.

Da Mwana: Ukalila?

Shangazi Riziki: Nikalila. Ningemweleza nini?

Binamu Mombasa: Wallahi nimecheka hadi jirani kagonga ukuta

Zuu: Shangazi sasa niweke nyingine au dua kwanza?

Shangazi Riziki: Al-Fatiha kwanza, kwake na kwa Sharo na Ojwang wa Kenya mwombeeni kwa dini yake. Kisha weka ile ya dirishani kama unayo. Isiwe na matusi tu, nimekaa na mkwe wangu hapa.