Fundi kanifungia springi za kupandisha gari, bolti kakaza magurudumu yakining'inia!

Wakuu, nimechoka, nina hasira, na leo naisema yote.

Nina steshenwagoni ya zamani. Nyuma ilishalala, ukipakia mizigo tumbo linasugua kila tuta. Nikanunua springi za kulipandisha milimita 40, mbele na nyuma, na bushi mpya za amu, ile mikono ya chuma inayoshika magurudumu. Fundi akasema kazi ya siku nzima. Saa sita mchana keshamaliza, nami nikamsifu!

Bushi ya amu ni mpira ulioshikana na chuma ndani na nje. Haizunguki, inajinyonga tu. Ndiyo maana bolti zake unazishikiza kwanza, unashusha gari likae kwa matairi, unalitikisa litulie, ndipo unakaza. Huyu bwana kakaza zote gari likiwa juu. Lilipotua, bushi zikajinyonga na kubaki hivyo usiku na mchana, hata gari likiwa limeegeshwa. Miezi miwili haijafika. Jana nimeingia chini na tochi: bushi ya mbele kulia imechanika nusu duara, ukucha wangu unazama kwenye ufa. Bushi mpya!

Na shokapu je? Karudishia zilezile. Nilimuuliza kabla, akanijibu, "Hizo bado nzima, bosi." Nzima sawa, lakini ni fupi! Bodi ikipanda milimita 40 kwa springi, shokapu ya kawaida inapoteza milimita 40 za kulishusha gurudumu. Nikipita kwenye shimo inafika mwisho wake na kugonga, ko!, mpaka mtoto kiti cha nyuma anashtuka.

Alaimenti, yaani kunyoosha pembe za magurudumu, hakugusa kabisa. Tairi za mbele zimeanza kulika ukingo wa nje.

Nimemrudia, anasema tatizo gari ni la zamani. Uzee wa gari ndio ulioshika spana? Nimemwambia bushi atalipa yeye, kanigeuzia mgongo akaendelea na gari la mtu mwingine. Nalo lilikuwa juu ya jeki, anakaza.

Jumamosi nalegeza bolti zote mwenyewe na kuanza upya. Aliyewahi kuweka hozi ndefu za breki, ile mipira ya kupitisha mafuta ya breki, baada ya kupandisha gari, naomba aniambie alipimaje. Za kwangu za nyuma, magurudumu yakining'inia, zimevutika hadi zimenyooka kama kamba ya kuanikia nguo, na siwezi kumpakia mtoto humo tena zikiwa hivyo.